Muulize Daktari: Gari la farasi wanne nalo ni mchezo?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mwanangu anasoma Hungaria, na hachoki kunitumia video za watu wanaokimbiza magari ya farasi, farasi wanne kwa gari moja, wakipita hata majini. Baba yake anasema hayo ni maigizo ya watalii. Mimi nabisha. Nani mkweli? Na mbona kwetu hakuna?
Mama wa Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeshinda, ingawa mzee naye hakukosea kila kitu. Akiona mtu kasimama juu ya farasi wawili, mguu huku na mguu kule, na watatu wengine wakikimbia mbele yake, hayo ni maonyesho kweli. Yalianzia kwenye picha ya mchoraji wa Austria, Ludwig Koch, ndipo Béla Lénárd wa Hortobágy, nyika ya Hungaria, akathubutu kuyafanya kweli miaka ya 1950.

Gari ni habari nyingine. Nilisomea udaktari wa mifugo Budapest, na watu wa kule hubishania waendeshaji kama sisi tunavyobishania Simba na Yanga. Kuna ubingwa wa dunia tangu 1972. Mhungaria György Bárdos aliuchukua 1978 nchini kwao, mjini Kecskemét, akaurudia 1980 huko Windsor, kwenye viunga vya malkia wa Uingereza. Mume wa malkia, Philip, alikuwa rais wa shirikisho la dunia la michezo ya farasi na mmoja wa walioasisi kanuni za mchezo huu. Mwaka huo naye alishindana, na timu yake ya Uingereza ikatwaa dhahabu ya timu.

Mashindano yana sehemu tatu, na pointi ni adhabu: mwenye chache ndiye mshindi. Kwanza waamuzi hutazama utii na mwendo wa farasi. Mimi hapo husinzia. Ya mwisho ni kupita katikati ya koni zilizobebeshwa mipira. Nafasi inazidi upana wa magurudumu kidogo tu, na mpira ukidondoka, pointi tatu.

Utamu uko katikati, mbio za nyika. Kila kizuizi kina malango yenye herufi, na lazima uanze A, kisha B, hivyo hivyo, saa ikihesabu. Mwendeshaji ameshika hatamu za farasi wote wanne. Nyuma wamesimama masaisi wawili, wakirusha uzito wa miili yao upande huu na ule gari lisipinduke. Mtalii halipii hofu ya namna hiyo!

Kule farasi hawakuokotwa jana. Shamba la Mezőhegyes lilianzishwa 1784 kuzalisha farasi wa jeshi, na mkulima wa kawaida naye alilima na kusafiri kwa farasi.

Kwetu, mbung'o aliwamaliza farasi sehemu nyingi. Palipokosa mbung'o, kuna maradhi ya farasi yanayoenezwa na visubi, na punda huyahimili vizuri zaidi. Na Lamu wakati wa Maulidi wanashindanisha punda.

Kijana akipata likizo, aende Szilvásvárad, kijiji cha huko huko Hungaria, kwenye farasi weupe wa aina ya Lipizza. Na siku ya mashindano asimame penye kizuizi cha maji. Avae viatu vya mvua.