Mwanao Anataka NASCAR? Kabla Hujauza Kiwanja, Soma Hapa

Waswahili wa huku Charlotte na Concord, North Carolina, Marekani, wakishajua kwamba mwanangu anaendesha gari la mbio, swali la kwanza huwa la usalama. La pili huulizwa kwa sauti ya chini: "Kaka, hivi inagharimu kiasi gani?" Nianze na hilo la pili, maana ndilo linaloamua mengine yote.

Ngazi za kufikia NASCAR, mashindano makubwa ya mbio za magari hapa Marekani, zinajulikana. Mtoto wa miaka 8 huanzia Bandolero, kigari kidogo chenye injini ya Briggs & Stratton, kampuni ileile ya injini za mashine za kukatia nyasi. Akifika 12 anaweza kuingia Legends, gari lenye sura ya magari ya miaka ya 1930 lililopunguzwa kwa kipimo cha 5/8 na kuwekewa injini ya pikipiki ya Yamaha. Yote mawili yanatoka Harrisburg, jirani kabisa na uwanja wa Charlotte, na kiangazi watoto hushindana palepale uwanjani, kwenye kiduara cha robo maili. Juu ya hapo kuna Late Model, magari kamili ya mbio za viwanja vifupi kama Hickory, halafu ARCA, mashindano ya kuandaa madereva wa NASCAR, halafu pikapu za NASCAR, halafu daraja la pili, na kileleni Cup.

Hadi Legends, familia ya mishahara ya kawaida ikijibana inaweza kujilipia, hasa ikinunua gari la mtumba na baba au mjomba akikubali kuchafuka mikono. Kuanzia Late Model gharama zinapaa, na msimu mzima wa pikapu ni hesabu ya mamilioni ya dola. Hakuna zamu za usiku hospitalini wala safari za lori zitakazolipia hizo. Kwa hiyo msimamo wangu ni mmoja, na najua wengine hawaupendi: zilipie ngazi mbili za chini kwa moyo wote, kisha usimpandishe mtoto mpaka mtu mwingine alipe. Nimeona familia zikivunja akiba ya uzeeni ili kijana apate mbio chache za ARCA. Anamaliza nyuma kwa sababu gari la kukodi ni bovu, na mwakani hakuna anayemkumbuka. Yule aliyebaki Legends akishinda kila wiki ndiye anayepigiwa simu.

Tazama safari ya dereva Bubba Wallace, aliyekulia hapahapa Concord. Alianza na magari haya madogo akiwa na miaka 9. Baadaye alichukuliwa na mpango wa NASCAR ulioitwa Drive for Diversity, wa kuinua madereva wanawake na wa jamii za wachache, ulioanza 2004, ambao ndio uliopitiwa pia na Kyle Larson na Daniel Suárez wa Mexico. Oktoba 2013 akashinda mbio za pikapu Martinsville, dereva wa kwanza Mweusi kushinda mbio za ngazi ya taifa tangu Wendell Scott mwaka 1963. Ungedhani mlango umefunguka moja kwa moja. Mwaka 2017, katikati ya msimu na akifanya vizuri, timu yake ya daraja la pili ilisimamisha gari lake kwa kukosa mdhamini. Ushindi wake wa kwanza wa Cup ulikuja Oktoba 2021 huko Talladega, na tayari alikuwa na miaka 27. Mzazi anayeniambia mwanawe wa miaka 13 "amechelewa" namrudisha kwenye tarehe hizo.

Kama hata Bandolero iko mbali na mfuko wako, nunua usukani wa kufunga mezani na iRacing, programu ya kuigiza mbio za magari kwenye kompyuta. Sisemi hivyo kukufariji. William Byron, mtoto wa Charlotte, alijifunzia kwenye kompyuta kabla ya kukaa kwenye Legends akiwa na miaka 15. Mwaka 2016 alishinda mbio 7 za pikapu katika msimu wake wa kwanza, na 2024 na 2025 akachukua Daytona 500, mbio maarufu kuliko zote za Cup, mara mbili mfululizo. Rajah Caruth naye alitokea kwenye skrini, akawa anakimbia huku akisoma chuo kikuu Winston-Salem, na Machi 2024 akashinda mbio za pikapu Las Vegas. Usukani wa mezani pia utakupa jibu la bei nafuu: kama baada ya miezi michache kijana amehamia kucheza mpira wa kwenye simu, umeokoa pesa nyingi.

Kitu ambacho skrini haifundishi vizuri, na ambacho wazazi hawakipi uzito, ni kuzungumza na fundi. Kwenye viwanja vya mduara magari haya hukata kona upande wa kushoto tu. Ndiyo maana tairi la nyuma la kulia hupewa mzingo mkubwa kidogo kuliko la kushoto, ili gari lijivute lenyewe kuelekea ndani. Ukibadilisha upepo wa tairi moja kwa kiasi kidogo tu, tabia ya gari zima inabadilika. Sasa mtoto akishuka na kusema "gari baya", fundi afanye nini? Mfundishe aseme: naingia kona vizuri, katikati pua inagoma kugeuka, nikikanyaga mafuta kutoka, mkia unataka kutangulia. Kuingia, katikati, kutoka. Kila kona, kila siku ya mazoezi, aandike kwenye daftari kabla hajanywa hata soda. Mwanangu alilichukia daftari hilo. Lakini watu wa timu kubwa wakija kutazama watoto, husogea karibu na gari na kusikiliza anavyoongea. Mwenye kasi wanamwona kwenye saa. Mwenye akili ya gari inabidi wamsikie.

Usalama, basi. Dereva Adam Petty alifariki mazoezini mwaka 2000 akiwa na miaka 19, na Dale Earnhardt, bingwa mara saba, alifia Daytona mwaka uliofuata kwa kuvunjika sehemu ya chini ya fuvu. Baada ya hapo NASCAR ililazimisha kifaa cha kuzuia kichwa na shingo. Helmeti, mikanda na kifaa hicho usivinunue mtumba, hata kama gari lenyewe ni mtumba wa mtumba. Mikanda ina tarehe ya mwisho, isome.

Siku ikifika timu ikakupigia, usiulize kwanza rangi ya gari wala jina la mtoto litaandikwa wapi. Uliza injini ni ya nani, fundi mkuu ni nani na atabaki msimu mzima au la, mtafanya mazoezi mara ngapi kabla ya mbio. Halafu uliza gari likigongwa nani analipa, na akijibu kwa mdomo, mwambie aandike. Mara nyingi hapo ndipo simu inapokatika, na bora ikatike kabla hujaweka sahihi.