Madaktari wakiikataa ripoti ya kathlabu, angalia kwanza nani anaandika nini

Ukipeleka mfumo wa ripoti za kielektroniki kathlabu (chumba cha kuchunguza na kutibu moyo kwa katheta, mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa), daktari bingwa wa moyo atakupa sababu mbili za kuukataa: unamchelewesha, na visanduku vyake havimwelezi mgonjwa. Usimbishie, kwani mfumo uliopangwa vibaya hufanya yote mawili. Sababu ya tatu haisemwi mbele za watu: takwimu za matatizo yanayowapata wagonjwa zikikusanywa kwa jina la daktari, anayepokea wagonjwa mahututi ataonekana mbovu kuliko anayechagua walio wepesi. Hilo lijibiwe mapema, kwa maandishi: nani ataziona takwimu hizo, na hali ya mgonjwa alipofika itazingatiwaje.

Kuhusu kuchelewa, dawa ni kugawa kazi. Muuguzi anaingiza uzito, urefu, kreatinini (kipimo cha figo), mzio na dawa anazotumia mgonjwa, kabla hajapanda mezani. Fundi anaandika palipotobolewa (kifundo cha mkono au kinena), saizi ya katheta, mililita za kontrasti (dawa inayofanya mishipa ionekane kwenye picha), muda wa mionzi na dozi yake. Stenti, kijibomba cha kuuacha mshipa wazi, isomwe kwa bakodi: kipenyo, urefu, namba ya toleo. Daktari abaki na yale asiyoweza kuyasema mwingine: mshipa gani, umebana kwa asilimia ngapi, mtiririko wa TIMI (alama ya damu inavyopita mshipani, 0 hadi 3) kabla na baada, tatizo lililotokea, na mpango wa dawa. Ukimwachia vyote, atajaza jioni kwa kukumbuka, na kumbukumbu ya jioni haiaminiki.

Mitego ya kuepuka ipo. Usiweke jibu tayari kwenye "Matatizo: hakuna", kisanduku kiwe kitupu hadi mtu achague. Vivyo hivyo kwa mishipa: "kawaida" ikijazwa na mashine, hata mshipa ambao haukupigwa picha utaonekana mzima. Na vipimo vya mionzi: mashine moja huonyesha dozi kwa miligrei, nyingine kwa grei (grei 1 ni miligrei 1000). Dozi ya grei 5 ndiyo inayomlazimu mgonjwa kufuatiliwa ngozi ya mgongo wiki zinazofuata, kwa hiyo mfumo uikatae 1200 iliyoandikwa mahali pa grei 1.2.

Kinachosahaulika zaidi Uganda ni vali. Fomu za kutoka nje hujaa mishipa ya koronari (inayoulisha moyo wenyewe), ilhali kwetu wengi ni vijana wenye vali ya mitrali (mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) iliyobanwa na ugonjwa wa baridi yabisi ya moyo, na watoto wa kuzibwa tundu la moyo. Fomu ya kupanua vali kwa puto inahitaji alama ya Wilkins (inayopima jinsi vali ilivyoharibika, 4 hadi 16, 8 kushuka chini ni dalili njema), tofauti ya shinikizo kati ya pande mbili za vali kabla na baada, shinikizo la atriamu ya kushoto (chumba cha juu cha moyo), eneo la vali, kiasi cha damu kinachovuja kurudi nyuma, na saizi ya puto. Kwa puto la aina ya Inoue, kadirio la kuanzia la kipenyo ni urefu wa mgonjwa kwa sentimita, ugawe kwa 10, uongeze 10: mwenye sentimita 160 hupata milimita 26. Pasipo visanduku hivi, daktari ataandika kila kitu kwenye "maelezo mengine", kisha mtamlaumu kwamba hapendi kompyuta.

Hata hivyo, sehemu ya maelezo huru isiondolewe. Kila kisanduku cha lazima kiwe na mtu anayeweza kutaja kinatumika wapi. Kisicho na mtu, kitolewe.

Umeme ukikatika, kompyuta ya ripoti iwe kwenye UPS (betri ya akiba), na pawepo karatasi yenye visanduku vilevile kwa mpangilio uleule, ili kuhamisha kusiwe kazi mpya. Nywila ya pamoja iliyobandikwa ukutani haiendani na Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na pia huwezi kujua nani alibadilisha nini.

Mgonjwa akitoka hospitali ya Mulago, Kampala, kurudi kwao Arua au Kabale, apewe ukurasa mmoja uliochapwa: kilichofanyika, tarehe, stenti au puto, dawa za kuzuia damu kuganda na mpaka lini, na namba ya simu ya kathlabu. Mganga wa huko hana muda wa kurasa sita.