Saa tatu, saa sita, saa tisa: kusali msimu wa korosho

Msomaji wa Newala ameniandikia kwamba kila Oktoba, korosho zikianza kudondoka, ratiba yake ya sala huvunjika, na Januari anaanza upya kwa aibu. Ratiba yenyewe: kuamka saa kumi alfajiri, saa nzima ya maombi, kisha sura nne za Biblia. Hiyo ni ratiba ya mtu aliye likizo. Aliyeshinda ameinama mikoroshoni akitenganisha korosho na mabibo, usiku akashona magunia ya kupeleka AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), akifumba macho saa kumi hasali. Analala tena.

Saa za Matendo ya Mitume zinamfaa zaidi. Roho alishuka kabla ya saa tatu (2:15), Petro alipanda darini kusali yapata saa sita (10:9), na saa ya kusali hekaluni ilikuwa saa tisa (3:1). Sisi hatuna cha kubadilisha hapo, maana zinahesabiwa tangu asubuhi kama zetu. Dakika tatu katika kila moja ya saa hizo zatosha. Saa tatu, zaburi fupi kwa kichwa. Ya 131 ina aya tatu tu. Saa sita, kivulini, wataje watu watatu unaowaombea. Saa tisa, ungama ulichokosa tangu asubuhi. Simu ikishalia kukukumbusha, irudishe mfukoni, la sivyo utaishia kuulizia bei ya mnada wa korosho.

Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189, yaani tatu na ushee kwa siku ukitaka kuimaliza kwa mwaka. Msimu huu usijaribu. Chukua Zaburi 119, ambayo tayari imegawanyika vipande 22 vya aya nane nane. Soma kimoja kwa sauti, kirudie polepole, usimame kwenye neno lililokugusa. Wabenediktini (watawa wa Kikatoliki), wakiwemo wa Ndanda, husoma hivyo.

Kufunga ndiko kunakoharibiwa zaidi. Mtu anafunga siku tatu kavu huku anaokota juani, anagombana na vibarua, jioni anasema shetani amemzuia. Ni kiu! Anza na Ijumaa moja: kula Alhamisi usiku, kunywa maji mpaka saa tisa, fungua kwa kikombe cha uji mwepesi, ugali usubiri nusu saa. Mpenzi wa chai ya rangi aanze kuipunguza siku mbili kabla, maana kuiacha ghafla huumiza kichwa. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari au vidonda vya tumbo wasifunge kula. Wao waache soda, redio au umbeya. Na unga wa mlo ulioacha upime, umpelekee asiye nao siku hiyo hiyo (Isaya 58:7). Ukirudi kwenye debe lako, umebana matumizi tu.

Kwa huyu wa Newala: anza na saa sita peke yake kwa wiki mbili, kisha ongeza saa tisa. Saa tatu iache mpaka magunia yaishe, kwa sababu wakati huo jua bado halijakaza na uokotaji ndio umekolea.