Propolisi isafishe na baridi, nta isafishe na moto

Mnaoanza kufuga nyuki huku Iringa na Njombe, naona wengi mnaumiza mikono bure kwenye kusafisha vifaa. Mtu anakaa na kisu saa nane mchana jua linawaka, anakwangua propolisi, ile gundi nyuki wanayotengeneza kwa utomvu wa miti, nayo inavutika tu kama jojo, inahamia kwenye kisu, kwenye glovu, kwenye suruali, lisaa limeisha mzinga uko vilevile na yeye hoi. Sio kwamba hana nguvu, kachagua muda mbaya. Propolisi ikipata joto inalainika na kunata, ikipata baridi inakauka inakuwa ngumu na inakatika yenyewe.

Sasa sisi wa Mufindi, Njombe na Makete baridi tunayo ya bure kabisa, Juni na Julai kuna asubuhi majani yameganda barafu. Mizinga mitupu na fremu, zile za mbao zinazobeba masega, ziache nje usiku kucha, alfajiri kabla jua halijashika tandaza turubai chukua patasi ilaze karibu na mbao sukuma, utaona inaruka vipande vipande. Ovaroli yenye madoa ya propolisi ifanyie hivyohivyo, ianike kwenye baridi halafu ifikiche kabla ya kufua. Wenzetu wa Chunya kwenye joto vifaa vidogo wekeni kwenye friza, mizinga ndo muiwahi alfajiri. Vile vipande msitupe, vihifadhi safi peke yake kuna watu wananunua, ila vilivyochanganyika na rangi ya mbao hivyo tupa.

Na usikwangue kila mahali jamani. Kwangua pale fremu zinapokalia na kwenye ukingo wa mfuniko, maana hapo ndo panagandamana mpaka ukifungua mzinga unatoa mlio na nyuki wanakasirika. Kuta za ndani toa mabonge tu, usisugue mpaka mbao iwe nyeupe, ile harufu ndo inavuta kundi linalotafuta makazi.

Nta ni kinyume chake, inataka moto, inayeyuka kwenye nyuzi 62 mpaka 64 hivi. Lakini ndoo na mashine ya kukamulia anza na maji ya baridi kwanza asali yote itoke, ukiwahi maji ya moto nta inayeyuka inajipaka chombo kizima na kukitoa huo utando ni kazi kwelikweli. Asali ikiisha ndo umwage maji ya moto. Yale maji usimwage kwenye sinki wala mfereji, nta itaganda humo humo uite fundi, yaache kwenye ndoo mpaka kesho nta itakuwa imeganda juu, unaibandua.

Ukitaka kuyeyusha mabonge weka sufuria ndani ya sufuria yenye maji, usiweke nta moja kwa moja kwenye moto, inashika moto vibaya sana na ikishika usimwagie maji, funika na mfuniko zima jiko. Hizi kazi zote zenye harufu ya asali fanyia ndani mlango umefungwa, mbali na manzuki, yaani pale mizinga ilipo, nyuki wetu wakinusa watakuja wote na jirani asiyehusika ndo ataumwa.

Palipobaki uchafu mgumu maji ya moto na magadi yanatosha, suuza sana. Kostiki soda kwa anayeanza sishauri kabisa, inaunguza ngozi na macho, halafu inakula alumini na sufuria zetu nyingi ni hizo.

Bomba la moshi la kutulizia nyuki, mfuniko ukigoma kufunguka kwa lami ya moshi iliyoganda usiupige nyundo utaupinda, washa kidogo ile lami ilainike ufungue, ukipoa unakwangua. Mikono paka mafuta ya kula usugue halafu sabuni, au spiriti inatoa propolisi haraka zaidi, ila spiriti ikae mbali na jiko.