Kwa nini taski ya siku 5 inaisha ndani ya siku 4

Umeuliza kwa nini taski uliyoiandikia siku 5, kwenye kalenda ya masaa 10 kwa siku, inaisha ndani ya siku 4, na kama programu imekosea. Hapana, Microsoft Project (programu ya kupanga ratiba za miradi) haijakosea hesabu, ukweli ni kwamba yenyewe haijui kabisa "siku" ni nini, inatunza muda kwa dakika tu. Ukiandika siku 5 inachukua ile setingi ya masaa kwa siku kwenye options (ukiwa hujaigusa ni 8), inazidisha, inapata masaa 40, halafu ndo inaenda kuyamwaga kwenye kalenda ya taski. Sasa kalenda yako ni ya masaa 10 kwa siku, umeanza Jumatatu, kwa hiyo Alhamisi jioni 40 zimeshaisha, Ijumaa haiguswi. Ukiipa ile kalenda ya masaa 24 ndo utachoka kabisa, "siku 3" zinaisha ndani ya siku moja!

Mi kalenda zikichanganyika naandika masaa moja kwa moja, 50h (yaani siku 5 za masaa 10), basi. Kitu kama zege kukauka, ambacho hakijui wikiendi, andika 5ed (ed ni "elapsed days", siku mfululizo), hiyo inahesabu masaa 24 kila siku bila kujali kalenda. Primavera P6, programu nyingine ya ratiba, ndo inakuruhusu kila kalenda iwe na masaa yake ya siku.