Toa utando wote ndani ya tangi la piki ya zamani, usibakize hata kipande

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Pangani aliniandikia. Ana Honda CG125 aliyoachiwa na marehemu baba yake, na kila ikishika kasi inakohoa na kuzima. Ameweka plagi mpya, kabureta imesafishwa tena na tena. Inakwenda vizuri siku chache, kisha yale yale. "Kaka," akasema, "nikimulika tochi ndani ya tangi naona maganda yananing'inia." Nilimjibu kwa kifupi usiku ule ule, lakini jambo hili nimeliishi mwenyewe. Najua wengi mnaosoma hapa mna piki za wazee wenu na mnataka kuzirudisha barabarani, kwa hiyo nalieleza lote.

Maganda hayo ni dawa ya kuzibia tangi. Mtu aliimwaga ndani miaka mingi iliyopita ili izibe vitobo vya kutu, ikakauka ikawa utando. Ikimwagwa juu ya chuma chenye kutu, unyevu au mafuta, haishiki. Petroli hupenya chini yake, utando unavimba, unapasuka, vipande vinakwenda kwenye koki na vumbi lake kwenye jeti ya kabureta, yaani kitundu chembamba cha kupitishia petroli. Unaweza kusafisha kabureta mpaka uzeeke. Ugonjwa uko juu yake.

Yangu pia ni CG, ya mjomba, aliyekuwa akizungukia mashamba ya mkonge upande wa Pongwe. Honda waliitoa CG mwaka 1976 kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako piki inabeba mzigo na haipati matunzo. Injini ile ilikuwa ngumu kiasi kwamba Wachina waliinakili, na bodaboda nyingi unazopishana nazo hapa mjini Tanga zina damu yake. Ndiyo maana niliumia nilipoambiwa na mafundi, mmoja baada ya mwingine, "Tupa tangi hilo, nunua la Kichina." Tangi lile lina alama ya goti la mjomba kwenye rangi. Silitupi.

Kabla ya hapo kulikuwa na fundi mmoja wa Ngamiani, jina lake nalihifadhi, aliyechukua hela yangu akamwaga dawa mpya juu ya ile ya zamani. Akanihakikishia kwamba hiyo ni ya maisha. Masika haijaisha, tabaka zote mbili zilikuwa zinabanduka pamoja. Nilipomrudia alinijibu mbele ya watu kwamba tatizo ni mafuta ninayoweka. Bado linanikera hadi leo. Lakini pale ndipo nilipoamua kujifunza kazi hii kwa mikono yangu, na mwezi uliopita CG ya mjomba ilikwenda Muheza na kurudi bila kukohoa hata mara moja. Wale waliosema nitupe tangi wameiona ikipita.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza jua una dawa ya aina gani. Lowesha pamba kwa asetoni, kile kimiminika kikali cha kuyeyushia rangi, ifunge kwenye waya, ishikize kwenye utando dakika kadhaa. Ukilainika na kunata, una bahati: asetoni itautoa. Ukibaki mgumu kama kioo, yaelekea ni epoksi, ile gundi ngumu ya kuchanganya, na hapo jasho litakutoka.

Vua tangi, toa koki na floti ya geji kama ipo, mwaga petroli yote, osha kwa maji na sabuni, liache wazi lipate hewa. Tundu la koki lizibe kwa kibati kilichofungwa kwa boliti na gasketi ya karatasi, kwa sababu mpira wa kawaida utavimba. Shingo ya tangi ipake grisi kwa nje na uifunike nailoni, maana tone moja la asetoni linaondoka na rangi. Kisha mimina kama lita moja ya asetoni, funga, lilaze ubavu huu, baadaye ubavu ule, kisha kichwa chini. Liache lilale. Asubuhi utakuta utando umevimba na kuachia chuma. Uvute kwa waya wenye ndoano, kipande kwa kipande. Rudia kwa asetoni mpya hadi tochi ikuonyeshe chuma kitupu, na usisahau lile bonde la upande usio na koki. Tangi limekalia fremu kama tandiko la punda, na maji hutuama kwenye bonde lile kwa miaka. Kutu inaanzia huko, na mafundi wavivu hawafiki huko.

Kwa epoksi watu hutumia rimuva, ile dawa ya kubabua rangi za magari. Hapa nisikilizeni vizuri, wadogo zangu. Rimuva kali za zamani zina metilini kloridi. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unajikusanya chini, na ukiuvuta mwili unaugeuza kuwa kaboni monoksaidi, ile ile sumu ya jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Marekani mwaka 2019 walipiga marufuku kuuzwa kwa watu wa kawaida kwa kazi ya kutoa rangi, kwa sababu ilikuwa inaua. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke, na glavu nyembamba za hospitali inazipenya kwa dakika chache. Tena inachemka kwenye nyuzi 40 tu. Tangi lililofungwa likiachwa kwenye jua la Tanga wakati wa kaskazi, ukifungua kifuniko rimuva itakurukia machoni. Mimi nasema iache kabisa. Tafuta rimuva isiyo nayo, hata kama inafanya kazi polepole, ufanye nje, asubuhi, upepo ukiwa mgongoni. Sigara mbali, jiko mbali, watoto mbali. Na nikisikia mtu anaunguza utando kwa gesi ya kuchomelea, simwiti fundi.

Epoksi ikishalainika, tia nati na mnyororo wa zamani wa baiskeli, funika tangi kwa blanketi, litikise. Hesabu nati zinapoingia na zinapotoka.

Kilichobaki ni kutu, na hiyo ni rahisi. Siki au asidi ya sitriki iliyochanganywa na maji ya moto, usiku kucha, kisha suuza kwa maji yenye magadi soda. Hapo usiende kunywa chai. Kwa hewa yetu ya chumvi, chuma kitupu chenye unyevu kinarudi rangi ya chungwa mbele ya macho yako. Suuza kwa spiriti, kaushia kwa upepo wa kompresa, halafu papo hapo zungushia petroli iliyochanganywa na oili ya tusitroki.

Mtaniuliza kama mweke dawa mpya. Kama hakuna kitobo, hapana. Kama kipo, mpelekee mtu wa kuchomea kwa shaba anayejaza tangi maji kwanza, akabakiza nafasi ndogo tu pale anapochomea. Anayetaka kuchomea tangi tupu lililobeba petroli, ondoka na tangi lako. Uvivu wa kuficha kutu ndio umeua piki nyingi za wazee wetu, na wanaouza dawa hizo wanaujua ukweli huu.

Piki ikilala, iache na tangi limejaa ili hewa yenye unyevu isipate nafasi. Na mafuta ya kwanza yakikaribia kuisha, vua koki utazame kichujio. Ukikuta hata punje moja ya utando, rudi kwenye asetoni.