Maswali yenu: Umri wa kununua tiketi za bahati nasibu

SWALI: Nina duka Tandika, nauza vocha na tiketi za bahati nasibu. Nasikia Uingereza wamepandisha umri wa mnunuzi. Je, sisi tunaruhusu wa miaka mingapi? Na nitamjuaje, maana kuna vijana wa kidato cha tatu wana ndevu? — Muuza duka, Tandika

JIBU: Bahati nasibu ya taifa ya Uingereza ilipoanza mwaka 1994, kijana wa miaka 16 aliruhusiwa kununua. Aprili 2021 wakaacha kuwauzia mtandaoni walio chini ya miaka 18, na Oktoba mosi mwaka huohuo sheria ikawafungia hata madukani, zikiwemo tiketi za kukwangua. Kwetu kiwango ni 18, na msimamizi ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.

Ndevu achana nazo, omba kitambulisho. Tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Namba ikianza na 20080917, mwenyewe kazaliwa tarehe 17 Septemba 2008. Wauzaji wengi hukosea hapa: wanatoa mwaka kwa mwaka, wanapata 18, wanauza Januari. Huyo hana ruhusa mpaka Septemba 17, 2026. Na namba iliyoandikwa kwenye karatasi isikutoshe, kwa kuwa haina picha. Inaweza kuwa ya kaka yake. Akisema katumwa na baba, mwambie baba aje mwenyewe. Tiketi unamuuzia aliyesimama mbele yako.

SWALI: Kwa nini tusipandishe hadi 21? — Mwalimu, Temeke

JIBU: Tunaunga mkono, mwalimu. Iowa na Arizona kule Marekani ni 21. Wewe unajua kuwa wanafunzi wengi wa kidato cha tano na sita wameshatimiza 18, na wanalala bweni moja na wa miaka 16. Mmoja akiruhusiwa, mkeka, yaani orodha ya mechi za kubeti, unaandikwa na chumba kizima. Ila kupandisha umri bila kukagua kitambulisho ni kazi bure.

SWALI: Mwanangu ana miaka 16. Nimekuta ujumbe wa malipo ya kubeti kwenye laini anayotumia, na laini ni ya jina langu. Nifanyeje? — Mama, Mbagala

JIBU: Pole, mama. Tatizo limeanzia kwenye usajili. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako, kwa hiyo anapoingiza namba ya kampuni, kumbukumbu namba, kiasi na namba ya siri, mfumo unakuona wewe, mtu mzima. Hakuna mahali mtoto anapoonekana.

Anza leo na namba ya siri. Ibadilishe mtoto akiwa hayupo, na usitumie mwaka wako wa kuzaliwa, anaujua. Kisha piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoitambua, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho ikafungwe. Hapohapo dukani omba laini ya mtoto ibaki ya kupiga simu na intaneti, huduma ya pesa iondolewe. Wazazi wengi huishia kwenye namba ya siri tu, mtoto anarudi kwa wakala kujiwekea pesa na mchezo unaendelea.

Halafu fungua orodha ya miamala, nakili jina la kila kampuni iliyolipwa, tarehe na kiasi. Iandikie kila moja kuwa akaunti ya namba hiyo inatumiwa na mtoto, uitake iifunge. Ambatisha nakala ya kitambulisho chako na ya cheti chake cha kuzaliwa. Vyeti halisi vibaki nyumbani. Wakikaa kimya, peleka malalamiko Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ukiwa na barua uliyowaandikia na orodha ileile ya miamala.